Siumwi, Nimekuja Kuchunguzwa

Swali la kwanza utakaloulizwa dirishani ni "Unaumwa nini?" na ndilo litakalokukwamisha. Hospitali tumezizoea kwa homa, kwa kidonda, kwa uchungu wa saa nane za usiku. Foleni nzima nyuma yako ina jibu lake: huyu tumbo, yule mtoto anatapika tangu jana. Wewe umeoga, umevaa vizuri, umepanda gari kutoka Mbande au Kijichi, na huumwi kitu. Wanawake wengi wakifika hapo hutafuta ugonjwa wa kusingizia. Mtu anasema kiuno, anasema tumbo la chini linamsumbua kidogo. Anapelekwa kupima mkojo, anarudi nyumbani na dawa za UTI ambayo huenda hata hana, na mlango wa kizazi uliomtoa nyumbani hakuna aliyeuona.

Sema hivi: "Siumwi. Nimekuja kuchunguzwa mlango wa kizazi." Iseme kwa sauti inayomtosha aliye dirishani peke yake, au andika kwenye kikaratasi umpe kama unaona haya. Mara nyingi utaelekezwa kliniki ya afya ya uzazi, ile ile ya wajawazito na watoto wa kupimwa uzito, kwa sababu uchunguzi huu kwa kawaida hufanywa na wauguzi wa huko pamoja na kazi za uzazi wa mpango. Kwa hiyo usishangae ukiambiwa ukakae benchi moja na wenye matumbo makubwa. Hujapotea njia.

Nawaandikia wanawake wa Mbagala wenye miaka thelathini na kitu au arobaini na kitu, waliozaa na wasiozaa, walioolewa na walio kivyao, ambao hawajawahi kulala kwenye kile kitanda isipokuwa siku ya kujifungua. Na siku ya kujifungua nani ana nafasi ya kuuliza anafanywa nini?

Wanachokitafuta

Mlango wa kizazi ni shingo ya mfuko wa uzazi, mwisho kabisa wa uke. Ukiguswa ni mgumu kidogo, kama ncha ya pua. Ukitazamwa kwa taa ni kiduara cha rangi ya waridi chenye tundu dogo katikati, tundu ambalo damu ya kila mwezi hupitia na mtoto naye hupitia likishafunguka. Unyago wetu, wa Kizaramo, wa Kindengereko, wa Kimakonde, ulimfundisha mwali mengi juu ya mwili wake: namna ya kukaa na namna ya kutunza, tena mengine hayaandikiki hapa. Kiduara hiki hakikuwamo. Si kosa la makungwi. Bila kifaa na taa huwezi kukiona, hata kiwe chako mwenyewe.

Hapo ndipo saratani ya mlango wa kizazi huanzia, na kinachoianzisha ni kirusi kiitwacho HPV, kinachopita kwa kujamiiana. Mjerumani Harald zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kazi iliyothibitisha jambo hilo. Kirusi hiki kina aina nyingi, na aina mbili tu, ya 16 na ya 18, zinabeba takriban asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi duniani. Karibu kila mtu aliyewahi kukutana kimwili na mwenzake hukutana nacho wakati fulani, kwa hiyo kukikuta hakusemi lolote juu ya tabia ya mtu. Kwa wengi mwili hukifukuza wenyewe. Kwa wachache hukaa, na kikikaa huzibadili chembe za pale polepole mno: miaka 15 hadi 20 mpaka iwe saratani kwa mwenye kinga nzuri, miaka 5 hadi 10 kwa mwenye kinga iliyodhoofika, kwa mfano anayeishi na VVU bila dawa. Miaka yote hiyo hakuna maumivu wala damu wala harufu.

Ndiyo sababu unakwenda ukiwa mzima. Ukisubiri kuumwa, ile miaka mizuri imeshapita. Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 10,000 wa Tanzania waligundulika na saratani hii kwa mwaka mmoja, na zaidi ya 6,000 walikufa kwayo. Pengo hilo dogo kati ya namba hizo mbili linaonyesha jinsi wengi wanavyofika wakiwa wamechelewa.

Uende lini, na usiende lini

Wanaolengwa hasa ni wenye miaka 30 hadi 50. Ukiwa na VVU huitwa kabla ya hapo na kurudishwa mara nyingi zaidi, kwa kuwa hatari kwako ni takriban mara sita ya mwenzako. Ukiwa unahudhuria CTC, kliniki ya dawa za VVU, uliza, usingoje kuulizwa. Ukiwa umepita 50 na hedhi imekoma, bado nenda, ila jua kwamba sehemu inayoangaliwa huwa imejivuta ndani na kipimo cha siki, nitakachokieleza mbele, hakiioni vizuri, hivyo unaweza kuelekezwa kwenye kipimo kingine. Ukiwa na mimba sema mwanzoni kabisa. Kwa kawaida utaambiwa urudi baada ya kujifungua na kupumzika.

Chagua siku ambazo huna hedhi. Wiki moja baada ya kumaliza ni siku nzuri. Siku mbili kabla usikutane na mwanamume, usiweke dawa yoyote ukeni, na usijisafishe ndani. Hili la mwisho nitalirudia.

Lakini kama unatoka damu baada ya tendo la ndoa, au katikati ya mwezi, au umekaa mwaka mzima bila hedhi kisha damu ikarudi, usihesabu siku wala kutafuta wiki nzuri. Nenda kesho asubuhi, na hapo jibu la "Unaumwa nini?" unalo. Hali kadhalika uchafu wenye harufu kali na maumivu ya chini ya kitovu yasiyoisha.

Wapi? Kwa wakazi wa Mbagala pa kuanzia ni Hospitali ya Rangi Tatu au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Zahanati nyingine hazina kitanda wala vifaa, lakini zitakupa maelekezo. Juu yao iko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke, na juu ya zote Taasisi ya Saratani Ocean Road, katika lile eneo la hospitali ya zamani ya Wajerumani linalotazama bahari. Kwetu kutaja Ocean Road ni kama kutaja msiba. Watu hushusha sauti. Ukweli ni kwamba wapo wanawake wanaoingia pale asubuhi wakiwa wazima, wanachunguzwa, wanarudi kupika cha mchana. Kila Julai kwenye viwanja vya Sabasaba, papa hapa Barabara ya Kilwa, taasisi za afya huweka mabanda na mara nyingi uchunguzi huu humo ni bure. Kelele ni nyingi, ila kama utakuwa unapita kununua masufuria, ni nafasi.

Kuhusu fedha, uliza kabla ya kuingia chumbani. Katika vituo vya serikali uchunguzi wa siki mara nyingi haulipiwi, lakini kadi, vipimo vya maabara na picha ya ultrasaundi vinaweza kuwa na bei. Kinacholipiwa hupewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au kwa wakala na kupata risiti. Anayetaka umwekee mkononi kwenye korido si mhasibu. Hospitali binafsi ni habari nyingine: huko wengi hutumia papsmia, ambapo chembe hukwanguliwa kwa kibrashi na kupelekwa maabara, majibu huja baada ya siku kadhaa, na bei ni mara nyingi zaidi.

Vipipi, shabu na ndimu

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo uchunguzi wa wanawake wengi wa Dar es Salaam huharibikia hata kabla ya kutoka nyumbani. Mtu akijua kesho atatazamwa, leo anajiandaa kama anayekwenda harusini. Anaingiza kidole na sabuni mpaka ndani kabisa. Mwingine anakamulia ndimu. Mwingine anaweka shabu ili "pakae vizuri," au vile vipipi vinavyouzwa sokoni na kwenye magrupu ya simu kwa jina la kubana, kukausha na kuondoa harufu. Wapo wa ugoro. Wapo wa asali. Nimewasikia wakisema hawataki nesi awaone wachafu.

Nesi hatafuti usafi. Anatafuta ngozi ya mlango wa kizazi ilivyo siku zote. Shabu na vipipi huchubua. Ngozi iliyochubuka huwa nyekundu, huvuja damu ikiguswa, na humpa mtazamaji picha ya uongo. Sabuni huosha ute ambao ungemweleza kama una fangasi au bakteria. Tena, uke una bakteria wake wema wanaotengeneza asidi na kuwazuia wabaya. Ukiwaua kila wiki kwa sabuni, wabaya wanapata uwanja, harufu inazidi, nawe unaongeza sabuni. Nimeona watu wamezunguka kwenye duara hilo miaka.

Nje osha kwa maji, inatosha. Usinyoe kwa ajili ya daktari; ukitaka kunyoa ni kwa ajili yako mwenyewe, na si asubuhi ile ile, maana vidonda vidogo vya wembe vitakuwasha kitandani. Kama umeshatumia vipipi wiki hii, usifiche. Sema, naye atakupangia siku nyingine au atajua anachokiona. Vile vifurushi vya "kusafisha kizazi" vinavyotangazwa kwa spika stendi ya Rangi Tatu, niruhusu niwe mkali: kizazi kinajisafisha kila mwezi. Anayekuuzia kuosha kisichohitaji kuoshwa anakula hela yako.

Asubuhi ya siku yenyewe

Beba khanga. Hiki ndicho kifaa muhimu kuliko vyote na hakiandikwi kwenye tangazo lolote. Shuka la hospitali lipo na saa nyingine halipo. Khanga moja utaitandika chini ya makalio, ya pili utajifunika kuanzia kitovuni. Vaa gauni pana au sketi unayoweza kuipandisha. Aliyevaa suruali ya kubana hulazimika kubaki nusu uchi, mwenye gauni hupandisha tu. Ukivaa baibui, chini vaa kitu kilegevu na baibui libaki mwilini. Beba pedi, kadi ya bima kama unayo, na tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Iandike, kwa sababu kila mtu huulizwa na kila mtu huanza kuhesabu kwa vidole. Unayetumia dawa yoyote, piga picha paketi yake kwa simu.

Nenda mapema na ule kabla. Huu si uchunguzi wa kufunga. Kojoa kabla hujaitwa, maana kibofu kikijaa kila kinachogusa tumbo kitakukera. Ila kama uliambiwa pia utapigwa ultrasaundi ya tumbo, hiyo huhitaji maji mengi kibofuni, kwa hiyo uliza kipi kinatangulia.

Kwenye benchi muuguzi huenda akasimama na kuwafundisha wote kwa pamoja, na picha ya kizazi mkononi. Msikilize. Utapimwa shinikizo la damu na uzito. Utaulizwa kama ungependa kupima VVU. Unaweza kukubali au kukataa, na kukataa hakukufungii uchunguzi.

Maswali

Hapa ndipo pagumu kuliko kitandani. Mimba ngapi? Watoto hai wangapi? Zilizotoka? Ulianza kukutana na wanaume ukiwa na miaka mingapi? Una mwenza mmoja au zaidi, na yeye je? Unatumia kijiti, sindano, kitanzi? Hedhi inakaa siku ngapi, unabadilisha pedi ngapi kwa siku? Unaumia wakati wa tendo?

Mama mwenye miaka 45 anaulizwa haya na binti wa miaka 26 ambaye angeweza kumzaa. Mbinu moja tu inasaidia: kumbuka kwamba ameshawauliza wengine wanane tangu asubuhi na jibu lako halitamfikisha popote katika umbea. Ukisema huna mwenza ilhali unaye, atakosa kukupima kitu kinachokuhusu. Kama mlango uko wazi na watu wanapita, mwombe aufunge kwanza. Na mumeo au dada aliyekusindikiza akae nje wakati huu, hata kama unampenda. Sema mwenyewe, "Naomba tubaki wawili". Watoa huduma wengi hawathubutu kumtoa mtu mpaka wewe ufungue mdomo.

Huu pia ndio wakati wa kutoa la moyoni. Hedhi inayolowesha khanga mbili usiku, mkojo unaokuponyoka ukicheka, ukavu baada ya hedhi kukoma, miaka mitatu bila kushika mimba. Atakayekuambia kila kitu ni UTI kabla ya kukutazama, mwombe kwa upole akutazame.

Kitandani

Mara nyingi wataanza na matiti. Utavua juu, utalala mkono mmoja kichwani, naye atapapasa kwa vidole bapa akizunguka mpaka kwapani, kisha upande wa pili. Angalia anavyofanya, kwa maana unaweza kujifanyia mwenyewe nyumbani siku chache baada ya hedhi. Kisha tumbo litabonyezwa.

Halafu chini. Utavua chupi, utalala chali, utakunja magoti na kuyaachia kando, miguu ikiwa kwenye vishikio au juu ya kitanda tu. Khanga ipo juu ya mapaja. Atavaa glavu na kuwasha taa. Atatazama nje kwanza.

Kifaa kinaitwa spekulamu. Ni cha chuma au plastiki, umbo lake mdomo wa bata, na hufunguka taratibu kikiwa ndani ili kushikilia kuta za uke zisifunike kinachotazamwa. Viko vya ukubwa tofauti. Kama hujawahi kuzaa kwa njia ya kawaida, au umri umekwenda, omba kidogo. Chuma kina baridi, na mtu mwenye moyo wake hukipasha kwa maji ya vuguvugu. Utahisi kusukumwa na kujaa. Kuumia hasa si kawaida. Ukibana makalio kitauma, ukiyaachia yazame kwenye kitanda kitapita. Pumua kwa mdomo, kama kupuliza uji wa moto. Na ukisema "subiri" anapaswa kusubiri, ukisema "toa" anapaswa kutoa. Huhitaji kutoa sababu.

Anayekuchunguza anaweza kuwa mwanamume. Unaweza kuomba wa kike, au kuomba muuguzi wa kike awepo chumbani muda wote, na ombi la pili hakuna sababu ya kukataliwa. Siku yenye watu wachache kazini unaweza kuambiwa urudi kesho kutwa ili upate wa kike. Hapo amua mwenyewe. Bibi zetu walisema mficha uchi hazai, na waliisema kwa mkunga wa kike aliyekuwa shangazi wa jirani. Sidhani kama walimfikiria kijana mwenye koti jeupe. Kwa binti ambaye hajawahi kukutana na mwanamume, kifaa hiki hakina kazi kwake. Aseme mapema, asione haya kusema.

Sasa siki. Ndiyo, siki, asidi ile ile ya kwenye kachumbari, iliyopimwa kuwa na nguvu ya asilimia 3 hadi 5. Huchovya pamba, huipaka juu ya mlango wa kizazi, kisha husubiri dakika moja. Utasikia ubaridi, wengine muwasho kidogo. Chembe za kawaida hubaki waridi. Chembe zilizoanza kubadilika hugeuka nyeupe, doa lenye kingo, na jicho lililofundishwa huliona papo hapo. Teknolojia yote ni hiyo: siki, taa, na muuguzi aliyesoma. Ni rahisi kiasi kwamba watu huidharau, na wapo walioniuliza kama wanaweza kujipaka nyumbani. Kujipaka utajipaka, kujiona hutajiona, na utajiunguza bure.

Kama una kitanzi, hapo hapo wataona nyuzi zake ziko mahali pake. Wanaweza kuchukua ute kwa kijiti cha pamba. Mwisho kifaa kinatoka, na wakati mwingine huingizwa vidole viwili huku mkono mwingine ukibonyeza tumbo kwa juu, kupima ukubwa wa kizazi na kutafuta uvimbe. Kifaa kinakuwa ndani kwa dakika zisizofika tano. Foleni ya kukifikia ndiyo iliyokula asubuhi yako.

Kuna kipimo kipya zaidi kinachotafuta kirusi chenyewe, na tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linakipendekeza kuwa cha kwanza. Uzuri wake ni kwamba mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti, nyuma ya pazia, bila mdomo wa bata. Uliza kama kipo pale ulipo.

Majibu, na mazungumzo ya nyumbani

Majibu ya siki hutolewa hapo hapo. Ukiambiwa hasi, utarudi baada ya miaka 3 kama huna VVU. Utavuja tone moja mawili, vaa pedi, nenda zako.

Ukiambiwa chanya, tafadhali usianguke. Wanawake hulisikia neno hilo kwa sikio la kipimo cha VVU na kudhani wamehukumiwa. Chanya ya siki maana yake kuna doa jeupe ambalo mara nyingi halijawa saratani. Likiwa dogo hutibiwa, mara nyingi siku ile ile, kwa kulichoma kwa joto au kuligandisha kwa gesi baridi. Ni dakika chache, maumivu yake yanafanana na ya hedhi, na unarudi nyumbani kwa miguu yako. Doa likiwa kubwa, au likitiliwa shaka, utapewa rufaa ya Temeke au Ocean Road kukatwa kinyama kidogo kipelekwe maabara. Hiyo rufaa usiiweke kabatini. Nauli ya kutoka Mbagala hadi Posta si kitu ukilinganisha na kuchelewa miezi sita.

Baada ya kuchomwa utatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa, na utaambiwa usikutane na mwanamume kwa takriban wiki 4 ili kidonda kipone. Hapa ndipo ushauri mwingi wa hospitali huishia na matatizo ya nyumbani huanzia. Mwezi mzima? Mume atauliza anafichwa nini, au ataanza kusema maneno. Ninavyoona mimi, mwambie kabla hujaenda, si baada ya kurudi. Mwambie kwamba kuna uwezekano wa kidonda na kwamba kidonda kitahitaji mwezi. Akitaka ushahidi, aje siku ya pili akaelezwe na muuguzi. Wanaume wengi hutulia wakielezwa na mtu mwenye koti. Wapo wasiosikia. Kwa mwenye mume wa namna hiyo, kondomu kwa kipindi chote ni bora kuliko kujidanganya, na mweleze muuguzi ukweli huo ili asikupangie ya vitabuni. Homa, damu nyingi kama ya hedhi, au maumivu makali, rudi bila kungoja tarehe. La sivyo utaonekana tena baada ya mwaka.

Ukikutwa na maambukizi ya kawaida yanayopita kwa kujamiiana, dawa ni zenu wawili. Kumeza peke yako ni kufagia huku mlango uko wazi na upepo unavuma.

Mabinti

Aprili 2018, kwenye viwanja vya Zakhem hapa hapa Mbagala, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua chanjo ya HPV kwa nchi nzima. Ilianza na mabinti wa miaka 14, dozi mbili. Tangu 2024 ni dozi moja, kwa mabinti wa miaka 9 hadi 14, na huchanjwa hata shuleni. Uvumi wa kwamba inafunga kizazi ulipita mitaani mwetu wakati ule na bado haujachoka. Waliochanjwa mwanzoni wameshakuwa wanawake wazima, na baadhi yao wanakaa sasa kwenye benchi la kliniki na matumbo yao. Aliyekuwa na miaka 14 siku ile ya Zakhem atafikisha 30 mwaka 2034, naye atapaswa kulala kwenye kitanda kile kile, kwa sababu chanjo haizuii aina zote za kirusi. Kama una binti wa miaka 10 na umekwenda kwa ajili yako, uliza chanjo yake siku hiyo hiyo. Nauli moja, kazi mbili.

Kabla hujaondoka, kaa na aliyeandika faili lako na uhakikishe namba ya simu. Wengi huitwa kwa majibu ya maabara na hawapatikani, kwa sababu line imebadilishwa, simu imeibiwa Kariakoo, au namba aliyoandikisha ni ya mume waliyeachana. Acha namba mbili: yako, na ya mtu ambaye line yake haijabadilika miaka kumi na mdomo wake haupayuki. Mara nyingi ni mama mdogo.